Namba 23 ilikaribia kuvunja uchumba, na fundi wa kushona akanifundisha hesabu uzeeni

Wakuu, amani ya Bwana iwe nanyi nyote, wenye imani na wasio nayo.

Niko Bukavu, kwenye vilima vya Kadutu. Naandika kwa simu na vidole vyangu ni vizito, kwa hiyo mnivumilie. Ninachosimulia kimetokea mwaka huu, na sehemu kubwa yake ni aibu yangu mwenyewe. Mtu hapambi aibu yake, basi nadhani mnaweza kuniamini.

Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na somo nililolipenda ni hesabu. Baada ya kustaafu, padri wetu aliniomba niendelee na kazi ya katekista: kuwatayarisha wachumba wanaotaka kufunga ndoa kanisani. Kwenye parokia yetu hamwezi kutangazwa bila karatasi inayosema mmemaliza mafundisho, na anayeitia sahihi ni mimi.

Sasa nina desturi yangu. Katika wiki za mwisho nawapa wachumba namba moja waende nayo nyumbani.

Nawaeleza hivi. Kuna namba zilizopatikana kwa namba moja kujizidisha yenyewe. Mbili mara mbili ni 4. Tatu mara tatu ni 9. Mbili mara mbili mara mbili ni 8. Shuleni kwetu tunaziita puissance, Watanzania mnaziita vipeo. Moja nayo naihesabu, kwa sababu moja mara moja ni moja, na wanyenyekevu nao wana nafasi yao.

Halafu nawaambia: ndoa ni kujumlisha watu wawili, lakini kila mmoja lazima kwanza awe amejizidisha mwenyewe, kwa sala na kwa kazi. Hii hapa namba yenu. Nendeni mtafute vipeo viwili vinavyoijenga.

13? Ni 9 na 4. 25? Ni 16 na 9. 35 huwasumbua kidogo, mpaka mmoja akumbuke 27, kisha mwenzake anaruka: na 8!

Wakuu, ni furaha kuwaona wachumba wakiinama pamoja juu ya kipande cha karatasi. Nimeona waliokuja wamenuniana wakaondoka wanacheka. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa wazo hilo, na taratibu, bila kujua, nikaanza kujivunia.

Kosa langu lilikuwa hapo hapo. Namba zote nilizowahi kutoa nilizitengeneza mimi. Nachagua vipeo viwili, najumlisha, naandika jibu kwenye daftari. Miaka yote nilianza na jibu, ndipo nikatoa swali. Kwa hiyo sikuwahi kukutana na namba inayokataa, nikaamini kwamba hakuna inayokataa.

Basi wakaja Nabintu na Bahati.

Nabintu ni fundi wa kushona, ana mashine yake chini ya paa la bati kwenye njia ya kushuka sokoni. Msichana wa maneno machache, mzaliwa wa Nyangezi. Bahati ni fundi umeme kwenye mgodi wa dhahabu huko Luhwindja. Anashuka mjini mara chache, na kampuni ilikuwa imempa congé, yaani likizo, ya wiki moja tu kwa ajili ya harusi.

Tarehe waliyopanga ilikuwa 23, Jumamosi. Jumatano inayofuata ni Majivu, Kwaresima inaanza, na kwetu hapa ndoa hazifungwi mpaka Pasaka ipite. Pasaka ikipita, Bahati hana tena congé. Mnaelewa jinsi njia ilivyokuwa nyembamba.

Nilipofungua daftari niwape namba, Bahati akasema, "Papa, utupatie 23. Njo siku yetu."

Kwetu "Papa" ni baba, na "njo" ni ndiyo. Niliona wazo zuri sana. Nikaandika 23 juu ya karatasi, nikachora duara kuizunguka, nikawabariki.

Wiki iliyofuata walirudi mikono mitupu.

"Papa, tulitafuta," alisema Bahati. "Haiko."

Nikacheka. Nikawaambia, "Mlitafuta kila mtu peke yake. Tafuteni pamoja."

Siku za Bahati mjini zikaisha, akarudi Luhwindja, wakawa wanatafuta kwa simu. Jumapili nyingine Nabintu alikuja peke yake akaniambia bado. Safari hii sikucheka. Nilimwambia maneno ambayo hadi leo yananichoma: "Binti yangu, namba haikatai watu wanaopatana. Chunguzeni kati yenu kuna nini."

Nilisema hivyo bila kuwa nimeitafuta mwenyewe hata dakika moja.

Padri alitaka karatasi zote mezani kwake Ijumaa, ili matangazo yasomwe Jumapili tatu kabla ya harusi. Hiyo ni sheria, na mimi ni mtu wa sheria. Alhamisi ikafika, karatasi ya Nabintu na Bahati iko kwenye kabati langu, haina sahihi.

Alhamisi hiyo saa kumi alasiri, mvua ikiwa imekatika, nikasikia hodi. Ni Nabintu. Mkononi ana kopo la maziwa ya unga, lile la bati.

Mke wangu alimkaribisha, akamwekea chai. Nabintu hakuigusa. Akafungua kopo akamwaga mezani vifungo vya nguo, vya kila rangi.

"Papa, uhesabu," akasema.

Nikahesabu. Ishirini na vitatu.

"Mutu wa kwanza wa ndoa, njo kusema kipeo cha kwanza, hawezi kupita 23, njo vile?"

"Ndivyo."

"Basi vipeo vyenye viko chini ya 23 ni bitano tu. Moja, ine, munane, kenda, kumi na sita. Hakuna ingine. Uangalie kama naongopa."

Nikaangalia. 1, 4, 8, 9, 16. Kinachofuata ni 25, kimeshapita. Hakudanganya.

"Sasa natosha, naondoa kila moja, naangalia kama mwenzake iko."

Akatenga kifungo kimoja. Vikabaki 22. Akavipanga mraba: vinne kwa vinne vikaenea, sita vikabaki nje. Akajaribu vitano kwa vitano, vikapungua vitatu. "22 iko katikati ya 16 na 25. Haiko kitu."

Akatenga vinne. Vikabaki 19. Katikati ya 16 na 25 tena.

Akatenga vinane, akavisimamisha kama nyumba ndogo ya ghorofa, vinne chini na vinne juu. Wakuu, nilifundisha watoto kipeo cha tatu miaka mingi kwa chaki, na sikuwahi kufikiria kukisimamisha kwa vifungo. Vikabaki 15. Haifiki 16.

Akatenga tisa. Vikabaki 14. Nayo haifiki 16, na imeshaipita 9.

Akatenga kumi na sita. Vikabaki saba, kati ya 4 na 8.

Kisha akaweka mikono yake mapajani.

"Papa, milango ilikuwa tano. Nimefungua yote tano. Ndani hamuna mutu. Si kusema hatukutafuta muzuri. Haiko."

Nilikuwa nimezoea kuwaambia watoto "endelea kutafuta, utapata." Huyu binti, aliyeacha shule darasa la sita, alikuwa amefanya kitu kigumu zaidi. Alionyesha kwamba hakuna cha kupata, na akaonyesha kwa namna ambayo hata malaika asingeweza kumbishia.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Akauliza, "Muzee, wewe mwenyewe ulishaitafuta hii namba?"

Kiburi cha mzee kikanyanyua kichwa mara ya mwisho. Nikasema, kama mtu aliyekuwa na jibu tangu mwanzo, "Mwanangu, ndoa ya Kikristo si ya wawili tu. Mungu ni wa tatu. Ongeza kipeo kimoja, viwe vitatu, uone."

Nabintu aliniangalia kwa huruma.

"Papa, nilijaribu tatu pia. Nilikesha juu yake siku mbili. Tatu nayo inakataa."

"Hata tatu?"

"Hata tatu. Ine njo inakubali: kenda, kenda, ine na moja." Akavisukuma vifungo vikakaa hivyo, miraba mitatu na kimoja pembeni. "Kenda mimi, kenda Bahati, ine mama mukwe wangu. Na hii moja yenye iko peke yake ni wewe, Papa, mwenye ulituletea mambo."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mimi nikacheka pia, na kicheko hicho ndicho kilichonivunja. Maana Nabintu hakuwa anacheka.

Nikamuuliza, "Bahati anasemaje?"

"Bahati anasema pengine ni Mungu anakataa. Anasema katekista hawezi kutupatia namba ya bure. Kama 23 haina bawili, na siye hatuna. Juzi aliniambia tuache."

Nilifundisha maisha yangu yote kwamba tusimtafute Mungu kwenye bahati nasibu na ndoto za sokoni. Na mimi mwenyewe nimemfanya kijana mwaminifu asome mapenzi ya Mungu kwenye swali ambalo mwalimu hakulifanyia kazi. Ile sentensi yangu, kwamba namba haikatai watu wanaopatana, ndiyo ilikuwa inataka kuwatenganisha.

Nikaomba simu ya Nabintu. Nikampigia Bahati mbele ya Nabintu na mke wangu, sauti imewekwa wazi.

"Bahati, mwanangu, ni katekista. Nimekosa. Namba niliyowapa haiwezekani. Sikuijaribu. Naomba msamaha."

"Allô? Papa? Réseau iko mubaya."

Nikasimama, nikaenda dirishani. "Nasema nimekosa! Naomba msamaha!"

"Unasema nini, Papa? Niko naingia kwenye mugodi."

Nikatoka hadi uani, jirani zangu wakiwa wanaanua nguo, nikapaza sauti: "Mimi katekista nimekosa! Haikuwa Mungu! Ilikuwa mimi!"

Kisha sauti ya Bahati, safi kabisa: "Papa, mara ya kwanza nilisikia. Nilitaka tu kuisikia tena."

Halafu akaanza kulia, mtu mzima, fundi umeme wa mgodi. Nikamrudishia Nabintu, aliyekuwa amenifuata uani, simu yake, nikaingia ndani kumwachia nafasi. Nikafungua kabati, nikatia sahihi.

Ijumaa asubuhi nilipeleka karatasi mwenyewe na nikamweleza padri yote. Aliniuliza, "Na huyo binti, amesoma wapi?" Nikasema, kwenye cherehani.

Matangazo yalisomwa Jumapili tatu. Tarehe 23 walifunga ndoa. Gauni alilishona Nabintu mwenyewe, na mama mkwe alicheza kuliko vijana. Nilipoenda kuwapa mkono, Bahati alininong'oneza, "Papa, mutoto akizaliwa, usimupe namba." Nikamwahidi.

Tangu hapo, kila asubuhi nikitoka misa ya kwanza, nakaa na daftari na vifungo vya mke wangu. Nimepitia namba kutoka 1 hadi 50, moja baada ya nyingine, kwa njia ya Nabintu: orodhesha milango yote, fungua yote, usiruke hata mmoja. Thelathini zinakubali, ishirini zinakataa. Kama nimekosea, nisahihisheni, sasa nimezoea.

Kuna maajabu humo. 17 inapatikana kwa njia mbili, 16 na 1, au 9 na 8. Na 27, ambayo yenyewe ni kipeo kamili, haiwezi kujengwa na wawili. 49 vilevile. Nilipoziona niliwafikiria mapadre na masista wetu: wamekamilika, ila si kwa njia ya kuungana na mwingine. Mke wangu ananiambia niache kuhubiria namba, nimeshaumia mara moja. Ana haki. Lakini siwezi kuangalia kitu kilichopangwa hivi tangu kabla ya ulimwengu nikanyamaza.

Bado natoa namba kwa wachumba. Tofauti ni kwamba sasa naijaribu kwanza mwenyewe, mbele yao, na mara nyingine natoa inayokataa kwa makusudi, nikiwaambia mapema: hii huenda haina jibu, nionyesheni. Wiki iliyopita nilimwalika Nabintu awafundishe. Alikuja na kopo lake, akasema maneno machache kama kawaida yake. Wachumba sita walikaa kuzunguka meza kimya kama kanisani wakati wa mageuzo, padri anapoinua hostia.

Nilichojifunza, wakuu: kushindwa kupata kitu na kujua kwamba hakipo ni mambo mawili tofauti. La kwanza linamwachia mtu lawama, na la pili linampa amani. Na sisi tunaofundisha, tukimpa mtu mzigo, tuubebe kwanza wenyewe hata hatua kumi.

Nina swali ambalo limenishinda, na Nabintu naye anasema bado. Tukipanda juu sana, kwenye maelfu na malaki, zinazokataa zinazidi kuwa nyingi au zinapungua? Mimi naona kama zinazidi, lakini kuona kwangu mnakujua sasa. Mwenye kujua aje na milango yake yote, aifungue hapa mbele yetu mmoja mmoja. Nitasoma kila mchango, polepole, na Mungu akubariki wewe uliyenisoma hadi hapa.