Matanga ya Daktari wa Barua

Kule ughaibuni, katika mji wa Hopkins, nilimtunza profesa mstaafu aliyekuwa haoni tena. Nilimwogesha, nikampikia, na kila asubuhi nikamsomea barua za daktari mmoja wa karne ya kumi na tisa, aliyeacha kutibu watu akaingia bungeni kupigania mitaro na maji safi. Mzee alikuwa akizikusanya ziwe kitabu. Mimi shule niliiacha darasa la saba wazazi wetu walipofariki, ili wadogo zangu wasome. Kiingereza changu kingi nilikipata kwenye mitaro hiyo.

"Leo anasemaje?" mzee huuliza.

"Amegombana na waziri. Nguruwe bado wanaingia kisimani."

"Nilijua tu."

Majira ya baridi tukafika barua ya mwisho. Daktari anaomba soksi za sufu, basi. Mzee akageukia ukuta, akaacha kula. Binti yake akaja kutoka Eagan, akaitazama sahani, akasema asipokula kufikia Jumatatu atampeleka nyumba ya wazee. Chumba cha chini cha nyumba ya mzee ndicho tulichokaa mimi na mdogo wangu aliyekuwa chuoni. Hatukuwa na kwingine.

Jumapili, kwenye ibada yetu sisi Wakenya, nikasimama kuomba maombi: mzee wangu amefiwa na daktari wake, hali chakula. Alifariki lini, sikusema. Hakuna aliyeuliza. Kwetu msiba hauhojiwi, unapikiwa.

Alasiri akina mama wakajaa sebuleni na sufuria za chai na chapati. Aliyewaongoza, muuguzi kutoka Champlin, alimshika mzee mikono miwili.

"Pole sana, mzee. Alikuwa anaugua nini?"

"Jongo," mzee akasema. "Na wabunge."

"Hao hata kwetu wanaua."

Mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, waambie ukweli."

"Wewe mimina chai."

"Na maziko ni lini?" yule muuguzi akauliza.

Nikashika kiti. Mzee akafikiri.

"Alishazikwa. Nilichelewa."

"Usijilaumu. Na theluji hii, nani angefika?"

Kisha, kama ilivyo desturi, wakamwomba aseme machache juu ya marehemu. Mzee akajiinua. Akaeleza mitaro, kisima, na mawaziri kwa majina yao. Alipofika kwa nguruwe, akina mama wakaitikia amina. Alipotua kuvuta pumzi, mama wa Champlin akamtia kipande cha chapati mkononi, na kwa kuwa mzee alikuwa na mengi ya kusema, akakila upesi ili aendelee. Akapewa kingine.

Tulikuwa katikati ya wimbo binti yake alipofungua mlango.

"Nani amekufa?"

"Daktari," baba yake akajibu, mdomo umejaa.

Binti akamtazama, akatazama sahani tupu, akanitazama mimi. Akavua koti. Kabla hajakaa alishapewa pole na kikombe cha chai.