Mgomba Uliozuia Dishi

Fundi alipanda kutoka Same kwa bodaboda, dishi amelifunga mgongoni, na kabla hata hajaketi akaanza kuilalamikia milima yetu. Nikamwambia milima ya Mamba tumeikuta, yeye afunge dishi. Sikuwa na hali ya utani. Alasiri ile televisheni ingerudia kipindi cha kwaya aliyokuwa akiimbia dada yangu, na mama alitaka kumwona.

Dada alifariki Dar es Salaam, ghafla, ndivyo tulivyoambiwa. Alipoletwa nyumbani mama alikataa kuaga mwili. Alisema uso anaoutaka ni wa mtoto aliye hai. Kipindi chenyewe nilikuwa nacho kwenye simu, lakini wanakwaya ni wengi, nyuso zimekuwa kama punje za ulezi, na macho ya mama hayana nguvu tena. Basi nikanunua dishi.

"Vipi huko?" fundi alipaza sauti kutoka juu ya bati.

"Bado!" mama akajibu, amekaa mbele ya runinga. "Haya, imekuja! Aa, imekimbia!"

Majirani nao wakaingilia, kila mtu ghafla ni mtaalamu, rudisha, peleka, mpaka nikawafokea wanyamaze. Mwishowe fundi akateremka, akanyoosha kidole magharibi. Migomba ya kona ya nyumba ndiyo iliyoziba.

 Kwetu mama alizika kitovu cha kila mtoto chini ya mgomba, na shina lile la kona, pamoja na machipukizi yake, lilikuwa la dada. Miaka yote hiyo alilipalilia na kulitia samadi kwa mkono wake, wala hakuruhusu mtu aliguse. Nikamwambia fundi atafute pengine. Akajaribu upande wa zizi, mlima ukaziba. Akajaribu karibu na choo, mparachichi wa jirani ukaziba. Saa nayo inakwenda.

Mama akatoka na panga.

"Mama, acha, tafadhali."

"Nikiacha, nitamwona lini?"

Akaikata mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na mkungu mchanga ukaangukia kwenye tangawizi. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Nililia, tena kwa sauti, wala sikuona haya.

Picha ikaja safi. Tukakaa, fundi naye akakaa. Kwaya ikaingia ikiyumba taratibu, kamera ikampita dada, ikarudi, ikatulia kwake. Yesu wangu, alikuwa anaimba! Nilijua mama atapiga yowe. Badala yake akainuka, akasogea mpaka karibu kabisa na kioo.

"Amekonda," akasema.

Nikaangalia vizuri. Gauni la kwaya lilimpwaya, mifupa ya mabega imetokeza. Siku ya kuaga niliuona mwili ule, nikadhani kifo ndicho kilichomkondesha.

"Huyu mtoto alikuwa anaumwa," mama akasema. "Alikuwa anaumwa, jamani! Na kila akipiga simu ananiambia mzima, mama, mzima kabisa."

Akaishika runinga kwa mikono miwili. Kwaya ilikuwa bado inaimba.

"Na mimi, kila akipiga, namwuliza ataolewa lini. Sikumwuliza kitu kingine."