Askari Niliyempa Baba

Nikipita sokoni penye dagaa wakavu, moyo hunidunda na ninatamani kupigana na mtu. Msicheke. Wenzangu harufu hiyo huwakumbusha ugali. Mimi hunikumbusha chesi. Nyumbani kwetu Chanji, Sumbawanga mjini, sanduku la chesi lilikaa stoo juu ya magunia ya dagaa, kwa sababu baba alikuwa mchuuzi wa samaki, na ukimshika malkia vidole vilinuka ziwa zima mpaka kesho yake.

Baba alijifunza mchezo huo seminari, kabla hajagundua kwamba anataka kuoa. Vipande alivichonga mwenyewe: vyeupe aliviacha na rangi ya mti, vyeusi akavipaka rangi ya viatu. Na kwa kuwa sisi ni Wakatoliki, askofu hakuburuzwa ubaoni hata siku moja. Alinyanyuliwa kwa heshima na kushushwa taratibu, hata kama alikuwa anakwenda kuua.

Kila Jumapili baada ya misa tulitandika mkeka uani, masweta mwilini maana upepo wa Juni huku Ufipa hauna huruma, nikacheza na baba. Mimi ndiye mtoto, kwa hiyo vipande vyeupe vilikuwa vyangu daima, na mwenye vyeupe ndiye anayeanza. Faida hiyo niliitupa. Nilicheza kama baba alivyocheza, askari wangu wamebanana, kila mmoja akimlinda mwenzake, hakuna anayetoka nje. Tulisogea kwa adabu kama watu wanaopishana mlangoni mwa kanisa, na kwa adabu hiyohiyo nilifungwa.

Kufungwa hakukuniuma sana mpaka lilipokuja suala la Kabwe. Kabwe ni huko chini, kwenye Ziwa Tanganyika, ambako baba alikwenda kununua mzigo. Aliondoka na lori la Fuso, akakaa siku kadhaa, akarudi amebabuka jua, ana hadithi za watu nisiowajua. Mimi ziwa nilikuwa sijawahi kuliona. Lakini niseme ukweli, ziwa lenyewe halikunishughulisha kihivyo. Nilitaka kukaa na baba pale mbele kwa dereva, tule wote mahindi ya kuchoma njiani, niwe mimi ninayewajua hao watu wake. Akiondoka nilimkumbuka kila siku.

Mama hakutaka hata kusikia. "Mtoto mdogo hivi, kwenye Fuso, mteremko ule? Thubutu!" Nililia. Niligoma kula, kisha nikala. Ndipo siku moja tunakunywa chai baba akasema, kama mtu anayetania: "Basi tufanye hivi, mama Skola. Siku Skola atakaponifunga chesi, nitakwenda naye Kabwe."

Mama akacheka, maana Chanji nzima hakuna aliyewahi kumfunga baba. "Sawa. Lakini usimwachie. Nitakuwa nakutazama."

Na mama alikuwa na macho, nyie! Hakuwahi kugusa kipande. Yeye alikaa pembeni akichagua maharage, lakini baba akikosea tu utasikia ameguna. Kumdanganya ilikuwa haiwezekani. Jumapili zikapita, nikafungwa, nikafungwa tena, Fuso ikaondoka bila mimi.

Aliyeniokoa ni shangazi Leokadia, dada yake baba, aliyekuwa akitujia kutoka Mazwi kwa baiskeli. Alinikuta nyuma ya nyumba nimenuna na ubao wangu, akaniambia nimwonyeshe ninavyoanza. Nikamwonyesha. Akasonya.

"Skola, wewe tangu lini ukawa mpole? Shuleni unapigana na wavulana, hapa unacheza kama unasali rozari!"

Akamsogeza askari wa mbele ya mfalme wangu hatua mbili, akajibu vivyo hivyo upande wa baba. Kisha akamchukua askari wa jirani yake, yule anayesimama mbele ya askofu, akamsukuma mpaka pale askari mweusi angeweza kumla bila taabu yoyote.

"Huyu unampa," akasema.

"Nampa? Bure?"

"Bure. Akimla, askari wake ametoka katikati na kwako mlango umefunguka. Unatoa farasi, unatoa askofu, mfalme unamficha pembeni, ngome inasimama kwenye njia iliyobaki wazi. Halafu unapiga. Usimwache apumue."

"Na akikataa kumla?"

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. "Nani, kaka yangu? Akatae kitu unachompa wewe?"

Kwetu ilikuwa hivi: mtoto akikunyooshea kitu, unapokea, tena kwa mikono miwili, asije akakua mchoyo. Baba alishapokea kutoka kwa mdogo wangu karanga zilizotafunwa nusu, makapi ya muwa, na mara moja jiwe, ambalo alilitia mfukoni akasema ahsante sana. Mimi lakini sikuwaza mambo ya karanga. Nilimwelewa shangazi kwamba ndivyo mchezo ulivyo: askari akitolewa, lazima aliwe.

Jumapili ilipofika nikamsukuma askari wangu. Baba akainama, akamtazama muda mrefu. Mama akaacha maharage.

"Skola, huyu umemwona?"

"Nimemwona. Nakupa."

Baba akanitazama mimi, akamtazama mama, kisha akamchukua askari wangu kwa mikono miwili. "Ahsante, mama yangu."

"Huko siko kumwachia?" mama akauliza.

"Amenipa mwenyewe. Nifanyeje?"

Baada ya hapo hakunionea huruma hata chembe. Alimla farasi wangu mmoja, akanibana malkia, jasho likanitoka ndani ya sweta. Lakini mlango ulikuwa wazi kweli, na kila nilichokuwa nacho kilipita hapo. Ngome ikashuka moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mfalme wake, askofu akamfungia njia, malkia akamaliza. Mfalme mweusi hakuwa na pa kwenda. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Mama akaja, akaukagua ubao kipande kwa kipande akitafuta mahali baba alipojilegeza, asipate.

"Haya," akasema. "Utavaa masweta mawili."

Nikaenda Kabwe. Kwenye mteremko nilitapikia suruali ya baba, na yeye akaniambia hata dereva alitapika safari yake ya kwanza, jambo ambalo dereva alilikana vikali. Kule chini joto likatupokea, nikavua masweta yote mawili. Baba akanizungusha kwa kila mtu, "Huyu ndiye aliyenifunga," mpaka wachuuzi wakaniamkia kwa kunitania, "Shikamoo, bingwa." Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Miaka ikapita, nikiwa chuoni Dodoma nikaingia mashindano ya wanafunzi. Nikapata vyeupe. Kijana mmoja mchangamfu akakaa mbele yangu, akauliza nimetoka wapi, na aliposikia Sumbawanga akataka kujua kama nimekuja kwa basi au kwa ungo kama wachawi wa kwetu. Nikasema moyoni, subiri. Nikamsukuma askari wangu. Akamtazama, akatoa askofu wake upande wa pili, akamwacha askari wangu amesimama palepale.

Hakumpokea! Nilimkodolea macho, nikamwona mtu asiye na malezi. Sikujua cha kufanya, na kabla sijapata akili nikawa nimeshafungwa.

Nikampigia baba simu nikiwa bado nina hasira. "Baba, amekataa askari. Kumbe mtu anaweza kukataa!"

Akacheka. "Anaweza. Hata mimi seminari nilikuwa nakataa."

Miaka yote hiyo nilijisifu kwa ukali wangu, kumbe ukali ule ulihitaji mtu mpole wa kuupokea. Nilidhani nilikuwa napigana naye ili aniruhusu.

"Sasa mbona mimi hukunikatalia?"

Baba akashusha sauti, maana mama alikuwa karibu. "Kukuachia nisingeweza, mama yako alikuwa ananitazama. Lakini ningekukatalia, mwanangu, Kabwe ningekwenda na nani?"