Zuhura Alipokaa Katikati Yetu

Juzi, nje ya saluni moja pale Goba, nilimwona binti kamshika mwenzake mkono huku mvulana akiwafokea. Nikamkumbuka Zuhura.

Tulikuwa kidato cha tatu, Chamazi. Mchana ule Zuhura alikuwa anakaanga mihogo barazani kwao, harufu ya mafuta imejaa uchochoro mzima, na jirani kafungulia muziki wa singeli hadi mabati yanatetemeka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na Rajabu, mpenzi wangu. Alitaka kukagua simu yangu. Nilipokataa, alinikamata mkono akaukaza. Niliumia, lakini moyoni nikasema, kumbe ananipenda hivi! Wakati ule niliamini wivu ndio kipimo cha mapenzi.

Zuhura aliacha karai juu ya jiko, akaja akajipenyeza katikati yetu.

"Mwachie."

"Sista, haya hayakuhusu."

"Yananihusu. Huyu rafiki yangu tangu hujamjua. Mwachie, au namwita mama, yumo ndani."

Rajabu aliniachia, akaondoka akitukana. Nikamgeukia Zuhura kwa hasira. "Unamtaka wewe!"

Alinisugua taratibu pale palipobaki alama za vidole, na mimi nikaanza kulia.

"Lia tu," alisema. "Mie nipo."

Jioni alinisindikiza hadi nyumbani. Mama alipopakua wali, nilikula sahani mbili, na ndipo nilipogundua kwamba tangu niwe na Rajabu nilikuwa sijawahi kushiba.