Vidonge Alivyovisubiri Noela

Hata mama yake hakuielewa vizuri kazi ya Herieth, mfamasia wa Mtoni. Herieth alikuwa akikusanya tafiti zote zilizofanywa kuhusu dawa fulani, akizijumlisha, kisha akisema matokeo yanaaminika kiasi gani: sana, wastani, kidogo, au kidogo mno.

Safari hii ilikuwa dawa mpya ya kuzuia kifafa cha mimba. Asubuhi ya kikao cha mwisho alipigiwa simu na Noela, mke wa kaka yake Edgar, kutoka Kimbiji.

"Wifi, presha imepanda tena. Duka la dawa huku wanavyo vile vidonge. Nimeze?"

Noela alikuwa amezika watoto wawili kwa sababu ya kifafa hicho, na sasa alikuwa mjamzito tena.

"Usimeze kwanza. Nenda kituo cha afya wakupime sasa hivi. Jioni nakuja."

Kikaoni, Dokta Gaudens, kiongozi wa jopo lao la kupima tafiti, alitaka waandike "wastani".

"Tafiti karibu zote zinasema inasaidia, Herieth. Unangoja nini?"

"Nyingi ni ndogo, Dokta. Kwenye ile kubwa, akina mama wengi walipotea kabla haujaisha, hatujui walijifunguaje. Na waliowapima walijua nani kapewa dawa, huenda wakapendelea. Halafu kuna walioumwa ini."

"Kila utafiti una kasoro. Wanawake wanakufa."

"Najua. Wifi yangu anasubiri jibu hili. Hakuna anayetamani iwe kweli kuliko mie, ndiyo maana nimesoma mara mbili. Usiniamini mie. Muulize Albano."

Albano, mwenzao kwenye jopo, alikuwa amezipima tafiti zilezile peke yake, bila kuona alichoandika Herieth. Gaudens akamgeukia. Albano alifungua kompyuta yake taratibu, na kwa muda ule mfupi Herieth alijikuta akiomba awe ameandika wastani.

"Kidogo," Albano alisema. "Mie pia nimeandika kidogo."

Gaudens alivua miwani, akasema, "Basi iandikwe hivyo."

Jioni Herieth alivuka daraja kwenda Kigamboni, akaendesha gari kwenye barabara mbovu mpaka Kimbiji. Noela alimsubiri mlangoni, miguu imevimba.

"Kwa hiyo haifanyi kazi?"

"Sijasema haifanyi kazi. Hatujui, wifi."

"Nimezika watoto, halafu unakuja na hatujui?" Noela alipaza sauti hadi Edgar akatoka nje. "Si bora ungenidanganya!"

Herieth akasema, "Tunachokijua ni hiki: ukipimwa presha kila siku, karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji, unakuwa salama zaidi. Twende kwangu."

Noela alilia, kisha akaingia ndani kufungasha.

Kabla mwezi haujaisha presha ilipanda ghafla, wakamkimbiza kufanyiwa upasuaji. Edgar alizunguka korido huku shati limemlowa jasho. Mtoto wa kike alitoka mdogo mno, lakini alilia.

"Umeona?" Edgar alisema kesho yake wodini. "Bora hakuvimeza."

"Hata hilo hatulijui, kaka. Pengine angevimeza, mimba ingefika miezi tisa."

Edgar alimkodolea macho kwa hasira. Kitandani, Noela, aliyekuwa amemfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, alinyoosha mkono. "Acheni ubishi. Wifi, nipe kikombe hicho cha maji, kiu imenibana."