Kiapo cha Nyuma ya Pazia

Siku niliyoripoti kazini katika ofisi ya mawakili pale Kinondoni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Wakili Mwandamizi hakunipa meza. Alinionyesha kiti cha wateja. "Kaa hapo usikilize," akasema. "Sheria utaikuta vitabuni. Mteja humkuti humo." Ndivyo uwakili ulivyofundishwa wakati wetu.

Mteja aliyenifundisha zaidi alikuwa Bi Zuhura wa Temeke. Alikuwa ametangulia kusini kwenye arusi ya jamaa, na mumewe akamfuata kwa ndege ndogo. Bi Zuhura alikuwa kiwanjani akimsubiri. Ndege ilipitiliza mwisho wa njia ya kutua, ikashika moto. Gari la zimamoto lilifika, mpira ukanyooshwa, na maji hayakutoka.

Hakutaka fidia. Alitaka Mahakama Kuu iamuru kwamba ndege ya abiria isitue pale mpaka zimamoto iwe kamili. Shauri ambalo mtu hulifungua kwa faida ya watu asiowajua huitwa shauri la maslahi ya umma. Haki za raia hazikuwa na umri mrefu ndani ya Katiba yetu, nasi tulitamani kujua mlango wa mashauri kama hayo ungefunguka kiasi gani.

Ndege zilikuwa zimeanza kutua tena, kwa hiyo hatukuweza kungoja. Lakini Bi Zuhura alikuwa edani kwa kufiwa na mumewe, hatoki nyumbani, na maombi yetu yalihitaji hati ya kiapo, yaani maelezo ya mambo aliyoyajua mwenyewe, aliyoyathibitisha kwa kuapa. Wakili Mwandamizi akanituma Temeke pamoja na Kamishna wa Viapo, wakili mtu mzima anayeruhusiwa kuapisha.

Wifi yake alitupokea, akatandika mkeka mbele ya chumba kilichozibwa kwa pazia.

"Sitamwomba mjane anifunulie uso," Kamishna akaninong'oneza, kisha akaanza kusoma hati, aya baada ya aya. Alipofika kwenye gari la zimamoto, sauti ikamkatiza kutoka ndani.

"Hapo sipo, baba. Mie sikusema lilichelewa. Liliwahi. Liliwahi, halina kitu."

"Andikeni anavyosema, nyie mabwana," wifi akadakia. "Mkirembesha mtamharibia."

Tukasahihisha. Bi Zuhura akaapa kwa Msahafu, mkono ukatokeza kutia saini, na Kamishna akaandika chini yake kwamba ameapa akiwa nyuma ya pazia.

Mahakamani, Wakili wa Serikali alitoa pingamizi la awali, hoja ambayo ikikubaliwa huzima shauri kabla halijasikilizwa. "Mheshimiwa Jaji, sheria inamtaka Kamishna amtambue anayeapa. Huyu mwenzetu ameapisha pazia!"

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Aliahirisha hadi wiki iliyofuata, nasi tukajua kwamba hati ikianguka, shauri zima litaanguka nayo.

Wakili Mwandamizi alikesha akitafuta hukumu za kumtetea Kamishna. Bi Zuhura alimwuliza imamu wa mtaa wao, akaambiwa kuwa mwenye eda hazuiwi kutoka mchana kwa haja ya lazima, mradi alale kwake. Siku ilipofika aliingia mahakamani na wifi yake.

"Ndiye mimi, Mheshimiwa," akasema. "Niulizeni."

Jaji aliamuru aapishwe upya palepale, kisha akamwuliza kuhusu gari la zimamoto. Jibu lilikuwa lilelile, neno kwa neno. Pingamizi likatupwa.

Kabla ya usikilizwaji kwisha, gari lenye maji lilipelekwa kiwanjani. Wakili wa Serikali akadai kwamba hakukuwa tena na la kuamua.

"Na wakiliondoa?" Bi Zuhura alimwuliza Wakili Mwandamizi kwa sauti iliyofika hadi kwa Jaji. Amri ikatolewa.

Sasa nimestaafu, nami hufundisha vijana mara mojamoja. Huniuliza jinsi ya kuandaa hati isiyopingika. Nawajibu kwamba hati ile ilikuwa na kasoro, na Wakili wa Serikali alikuwa sahihi kuitaja. Kilichobaki hai ni maelezo ya mtu aliyekataa kuongezewa hata neno moja dhidi ya waliomkosea.

Baada ya amri ile, Bi Zuhura aliniuliza kwenye ukumbi wa mahakama, "Mwanangu, watakaoshuka pale watajua?"

"Hapana, mama. Watachukua mizigo yao waende zao."

"Hayo ndiyo niliyoyaomba," akasema, akamhimiza wifi yake waondoke, afike nyumbani kabla jua halijazama.