Nati Mbili za Gari la Gaudensi

Baba yangu, fundi Ladislas, alikuwa mbishi. Nasema hivyo kwa upendo, maana ubishi huo nimeurithi mimi Emelyne mwenyewe. Ufundi alijifunza kwenye matrekta ya makazi ya wakimbizi, alipotoka Burundi mwaka 1972, na kwa miaka ishirini alitengeneza magari kwenye nyua za watu, akihama na kikapu cha spana. Alichokitaka duniani ni gereji yake mwenyewe, yenye mlango na kufuli.

Mwaka 1994 Gaudensi, mnunuzi wa tumbaku, alishusha kutoka kwenye treni ya Tabora gari jekundu la mbio, la milango miwili, lililokaa chini mno kwa barabara zetu. Mtaa wetu mzima wa Kawajense ulicheka. Baba hakucheka.

"Mzee Ladislas, wenzako wanaliogopa," Gaudensi alimwambia. "Mwaga oili ya injini, weka mpya. Likitoka salama, banda langu la barabarani fungua gereji. Likiharibika, tusijuane."

Jumamosi asubuhi baba alichimba shimo uani, katikati ya matuta ya viazi ya mama, tukalisukuma gari likakaa juu yake, tairi huku na huku. Chombo cha kukingia oili hakukiona, basi akachukua beseni jeupe ambalo mama yangu, Donatille, alikuwa amelisugua tayari kwa kuchujia asali ya Ugalla. Hakuomba.

Chini ya gari kulikuwa na nati mbili za kumwagia, zimefanana kama mapacha.

"Ipi ya injini?" niliuliza, nikimmulikia tochi.

"Ya chini kabisa. Kwenye trekta ndivyo ilivyo, na trekta halijawahi kunidanganya."

Akafungua. Oili ikashuka taratibu mpaka ikaisha, akaifunga nati, akatoka shimoni akipiga mluzi, akaanza kutoboa kopo la oili mpya.

Hapo mama akatokea na debe lake bovu. Kwetu oili chafu haimwagwi. Mama huipaka kwenye nguzo za mizinga yake ya nyuki ili siafu wasipande. Alipoliona beseni nikajua leo ni leo.

"Beseni langu la asali!"

Halafu akainama juu ya beseni. Alichovya kidole, akakiinua, akaitazama ile oili ikivutika.

"Baba Emelyne, oili ya injini si huwa nyeusi?"

"Nyeusi kama sufuria."

"Hii mbona ya njano? Tena inanuka kiberiti. Siafu wataicheka."

Baba akainamia injini ili amwonyeshe kuwa amekosea. Alichomoa kijiti cha kupimia: injini ilikuwa imejaa mpaka alama, oili nyeusi tii. Alikuwa amemwaga ya giaboksi. Angejaza oili juu ya oili, akawasha, na giaboksi kavu ingejisaga kabla ya kufika stesheni. Akakaa chini juu ya matuta.

"Unakaa nini?" mama akasema. "Beseni lilikuwa safi. Emelyne, lete kitambaa cha asali."

Tukaichuja, tukairudisha yote kwenye giaboksi kwa faneli na mpira. Ndipo baba akafungua nati ya pili. Ikatoka nyeusi, ikaingia kwenye debe, na mama akaondoka nalo kwenda kwenye mizinga yake, baba akimimina oili mpya kwenye injini.

Jioni Gaudensi alilizungusha gari mji mzima, akarudi anacheka peke yake. Baba angeweza kunyamaza. Kusema kweli nilimwomba Mungu anyamaze.

"Nilifungua nati siyo," alisema, akaeleza yote, hata habari ya siafu.

Gaudensi alitoa mfukoni ufunguo wa banda.

"Nani aligundua?"

"Mke wangu."

Akatupita sisi wote, akamwekea mama ufunguo kiganjani. "Banda nakupa wewe, mama. Ukimtaka huyu fundi, umwajiri."

Mama aliugeuzageuza ule ufunguo, akamtazama baba.

"Nitamwajiri," alisema. "Ila beseni jipya kwanza."

Gereji ipo mpaka leo. Ufunguo haujawahi kutoka kwenye pindo la kanga ya mama, na kila asubuhi baba, yule aliyechukua beseni bila ruhusa, husimama mlangoni mwa jiko na kikapu chake cha spana, na kusema kwa sauti ya chini, "Mama Emelyne, naomba ufunguo."